Sanduku la Barua: Wanatenisi Waliobakisha Hatua Moja

Toleo lililopita tulitaja wanawake wenye mataji mengi zaidi ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya mwaka: Australian Open, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon na US Open) katika singo, yaani mmoja kwa mmoja: Margaret Court 24, Serena Williams 23, Steffi Graf 22, Helen Wills Moody 19, Chris Evert na Martina Navratilova 18 kila mmoja. Tulidhani mtabishana juu ya hao. Wapi! Wengi mmeuliza habari za waliokuwa ng'ambo ya neti siku hizo, wale wanaosimama pembeni na sahani ya mshindi wa pili huku mwenzao akibusu kombe. Tumechagua barua saba na kuzifupisha.

Mnapimia mzani gani?

*"Marion Bartoli ana Wimbledon moja, mnamwita bingwa. Agnieszka Radwanska ana mataji 20 ya singo na alifika namba 2 duniani, mnamtia kapu la 'wazuri tu'. Haki iko wapi?" — Msomaji, Mombasa*

Tunauliza mambo matatu, na taji ni sehemu tu ya jibu. Je, mchezaji alikuwa akifika wiki ya pili ya mashindano makubwa mwaka baada ya mwaka, au alizuka mara moja akapotea? Je, aliwafunga wakubwa wa zama zake wakiwa wazima? Na siku njia ilipokuwa nyeupe, alipita?

Swali la kwanza Radwanska analijibu bila ubishi, la pili kwa kiasi. La tatu ndilo linalomwangusha. Wimbledon 2013 Victoria Azarenka alijitoa kwa jeraha, Maria Sharapova akatolewa raundi ya pili, Serena akafungwa na Sabine Lisicki raundi ya nne. Nusu fainali ilipofika, hakuna aliyebaki aliyepangwa juu ya Radwanska kwenye orodha ya ubora ya waandaaji. Akakutana na Lisicki huyohuyo, akaongoza 3-0 katika seti ya tatu, akafungwa 6-4, 2-6, 9-7. Bartoli akammaliza Lisicki kwenye fainali 6-1, 6-4, na hakuwa amepoteza seti hata moja tangu siku ya kwanza. (Na Bartoli naye hatumwiti mkubwa. Tunamwita bingwa wa Wimbledon, na hilo hakuna wa kumnyang'anya.)

Kasoro ya Radwanska ilikuwa sevu, pigo la kuanzisha pointi. Alikuwa na mikono laini na akili ya mchezo kuliko karibu wote wa kizazi chake, ila sevu yake ilikuwa nyepesi. Mwenye sevu nzito huokota pointi moja au mbili za bure kwenye gemu, asiye nayo huzitafuta zote kwa miguu, mechi saba ndani ya wiki mbili. Fainali yake pekee, Wimbledon 2012, alimnyang'anya Serena seti ya pili 7-5, kisha akaachwa 6-2.

Ilikuwaje pale 4-1?

*"Baba yangu huisimulia fainali ya Wimbledon 1993 kama msiba wa nyumbani. Jana Novotna alifanya nini hasa?" — Msomaji, Tanga*

Mbele ya Graf alipoteza seti ya kwanza kwa taibreka (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6), akachukua ya pili 6-1, na katika ya tatu alikuwa mbele 4-1, anasevu yeye, 40-30. Pointi moja tu ingekuwa 5-1. Sevu ya kwanza ikapotea. Ya pili akaipiga kwa nguvu, ikatua nje ya kisanduku cha sevu kwa mbali. Kisha akakosa voli (mpira unaopigwa kabla haujadunda) ya fohendi ambayo siku nyingine angeipiga akiwa usingizini, na smashi ikaishia kwenye neti. Graf akachukua gemu hiyo na nne zilizofuata. Alipokuwa bado anaongoza 4-3, Novotna alipoteza sevu zote mbili mara tatu katika gemu moja. Ikaisha 7-6, 1-6, 6-4, na picha ambayo baba yako hajaisahau ni ya Novotna akilia begani kwa Duchess wa Kent, wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, wakati wa kukabidhi tuzo.

Watu husema alitetemeka, wakaishia hapo. Tungependa waende mbele kidogo. Novotna alikuwa akisevu na kukimbilia neti papo hapo, kwa sevu ya kwanza na hata ya pili. Anayecheza hivyo hawezi kuweka sevu ya pili ya uoga katikati ya kisanduku, kwani Graf angeipiga pembeni yake kabla hajafika katikati ya uwanja. Lazima iwe ndefu na nzito. Kwa hiyo hatari ilikuwa ndani ya mchezo wenyewe, na ndiyo hatari iliyomfikisha 4-1. Kilichopotea ni ulaini wa mkono. Yaliyotokea mkononi tumeyaeleza kwenye barua inayofuata.

Miaka miwili baadaye, Roland Garros 1995, alikuwa mbele ya Chanda Rubin 5-0 seti ya tatu, akiwa na pointi tatu za mechi mfululizo, ambazo moja tu ingemaliza mechi. Jumla alipata pointi tisa za mechi, na bado akafungwa. Hata hivyo Novotna habaki kwenye orodha hii ya waliobakisha hatua moja, maana alivuka: mwaka 1998 aliwatoa Venus Williams na Martina Hingis, kisha akamfunga Nathalie Tauziat 6-4, 7-6 na kuchukua Wimbledon akiwa na miaka 29.

"Tulia" ni maelekezo?

*"Binti yangu ana miaka 14. Mazoezini sevu zinaingia, kwenye mechi anapoteza zote mbili mpaka gemu inaisha. Kocha anapiga kelele 'tulia!' Atulie vipi? Au ndiyo ugonjwa wa Elena Dementieva?" — Mama wa mchezaji, Arusha*

Mama, "tulia" si maelekezo. Anza na hesabu. Tuseme sevu ya kwanza inaingia mara 60 katika 100. Zinazobaki 40 anapiga ya pili. Ikiwa ya pili inaingia 85 katika 100, atapata dabo folti, yaani sevu zote mbili kupotea, 6 katika kila pointi 100. Hiyo ni kama moja katika gemu tatu za kusevu, na anaweza kuibeba. Sevu ya pili ikishuka hadi 70 katika 100, dabo folti zinakuwa 12, karibu moja kila gemu. Hapo kila gemu anamkopesha mpinzani pointi nzima.

Dementieva alikuwa namba 3 duniani, mwenye fohendi na bekihendi za kuogopwa na miguu isiyochoka. Lakini alirusha mpira mbali mno upande wa kulia na kuukata kwa pembeni. Mpira uliokatwa hivyo huzunguka kama pia na kupinda kando, wala mzunguko huo hauuvuti chini. Ukiupiga kwa kasi unatoka nje, na ukiupiga polepole mpinzani anauingilia. Fainali ya Roland Garros 2004 alipata dabo folti 10, akafungwa na Anastasia Myskina 6-1, 6-2 chini ya saa moja. Mwaka huohuo akafika fainali ya US Open, akafungwa na Svetlana Kuznetsova. Nusu fainali ya Wimbledon 2009 alikuwa na pointi ya mechi mbele ya Serena. Serena akaja kwenye neti akaiokoa kwa voli, akashinda 6-7, 7-5, 8-6. Dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008 Dementieva anayo, Grand Slam hana. Alitundika raketi mwaka 2010.

Dawa ni mpira unaozunguka kuelekea mbele na chini. Neti ina kimo cha sentimita 91 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo, na kisanduku kina urefu wa mita 6.40 kutoka neti. Mzunguko wa mbele ndio unaoruhusu mpira upite juu sana ya neti na bado udondoke ndani. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, fuateni hivi:

Mshiko. Ashike raketi kama nyundo ya kugongea msumari kwa ubavu wa fremu. Wengi wa umri wake wanashika kama kikaango, na kwa mshiko huo mzunguko haupatikani hata afanye nini.

Kurusha mpira. Urushwe juu ya kichwa, kidogo kuelekea sikio la kushoto, si mbele ya bega la kulia. Kama angeuacha udondoke, uguse kichwa chake au bega la kushoto.

Njia ya raketi. Fikirini uso wa saa nyuma ya mpira. Raketi iusugue mpira kutoka namba 7 kwenda namba 1, ikipanda. Macho yabaki juu mpaka baada ya kugonga.

Kamba. Fungeni fito mbili kwenye nguzo za neti na kamba kati yake, sentimita 60 juu ya utepe. Sevu ya pili ipite juu ya kamba. Aanze akiwa amesimama kwenye mstari wa visanduku vya sevu, akiingiza 8 katika 10 arudi nyuma hatua mbili, hadi afike mstari wa nyuma. Sevu 40 hadi 50 kwa siku zinatosha. Bega la miaka 14 si la kuchezea.

Mpira utasema wenyewe kosa liko wapi. Ukigonga neti, mara nyingi kautupa mbele mno au kainamisha kichwa mapema. Ukipinda na kutoka kando, kaurusha kulia mno, ile ya Dementieva. Ukitoka kwa urefu, uso wa raketi ulikuwa bapa, au mkono ulipunguza kasi. Hili la mwisho ndilo la mechi. Akiogopa, mtoto anadhani kupiga taratibu ndiyo usalama. Mkono ukipoa, mzunguko unapungua, na mpira unapoteza kile kilichokuwa kinauangusha ndani. Kwa hiyo kwenye sevu ya pili mwambieni apige kwa kasi ileile ya mkono, asugue zaidi. Neno "sugua" linatekelezeka.

Kuhusu mazoezini kuingia na mechini kukataa: kwenye kapu la mipira anapiga sevu 20 mfululizo, mwili umeshapata mdundo. Kwenye mechi anapiga sevu ya pili moja, ametoka kukimbia, ametoka kukosa ya kwanza. Basi igizeni hali hiyo. Acheze gemu za mazoezi akianzia 0-30, na awe na sevu moja tu kwa kila pointi. Ikipotea, pointi imekwenda. Wiki ya kwanza atalia. Kati ya pointi kanuni za mchezo wa kulipwa zinampa mchezaji sekunde 25, azitumie zote. Kati ya sevu ya kwanza na ya pili hakuna mapumziko hayo, kwa hiyo awe na desturi fupi, kama kudundisha mpira mara nne na kupumua nje mara moja, na aifanye hivyohivyo siku zote.

Wafalme wa dabo

*"Helena Sukova na Pam Shriver wana Grand Slam tele za dabo (wawili kwa wawili). Kwa nini singo hawana hata moja? Uwanja si uleule?" — Msomaji, Dodoma*

Si uleule. Wa dabo unaongezeka mita 1.37 kila upande, lakini mmegawana wawili, hivyo kila mmoja analinda eneo dogo kuliko la singo. Sevu, voli na kurudisha sevu vinapanda thamani, na mbio za kutoka kona hadi kona zinashuka. Shriver, mrefu wa mita 1.83, alikuwa na voli kali na fohendi ya kukata. Kwenye dabo fohendi ile ilikuwa silaha ya kumletea mpinzani mpira miguuni. Kwenye singo ilimpa Evert muda wa kuchagua kona.

Septemba 1978, akiwa na miaka 16 na raketi yenye kichwa kikubwa ambayo wengi waliichekea, Shriver alimtoa Navratilova nusu fainali ya US Open 7-6, 7-6. Evert akamfunga fainali 7-5, 6-4. Hakuiona fainali nyingine ya singo ya Grand Slam. Badala yake akaungana na huyo Navratilova: mataji 20 ya Grand Slam ya dabo pamoja, yote manne ndani ya mwaka 1984, na mechi 109 bila kufungwa kati ya 1983 na 1985.

Sukova ndiye anayetuuma zaidi. Alikuwa na mita 1.88, na mama yake Vera alifika fainali ya Wimbledon 1962. Angalia ratiba yake. Australian Open 1984 alimfunga Navratilova nusu fainali, 1-6, 6-3, 7-5, akakatisha mechi 74 za ushindi mfululizo. Fainali akamkuta Evert, akachukua seti ya kwanza, akapoteza. US Open 1986 alimfunga Evert nusu fainali. Fainali akamkuta Navratilova, akapoteza. Kila alipoangusha mbuyu mmoja, wa pili ulikuwa umesimama nyuma yake. Akafika nyingine mbili, Australia 1989 na US Open 1993, zote mbele ya Graf. Kwenye hiyo ya 1993 alishinda dabo na Arantxa Sánchez Vicario, akashinda dabo mseto (mwanamke na mwanamume) na Todd Woodbridge, akapoteza singo 6-3, 6-3. Wiki mbili, fainali tatu. Jumla ana Grand Slam 14 za dabo na dabo mseto.

Sukova angezaliwa miaka kumi baadaye angepata moja? Huenda. Ila warefu wa aina yake walikuwa na tatizo lilelile zama zote: mpira wa chini unaokuja mwilini. Graf na bekihendi yake ya kukata, mpira unaoteleza sentimita chache juu ya ardhi, alimlazimisha ainame kila mara.

Namba 1 bila taji

*"Dinara Safina alikuwaje namba 1 mwaka 2009 wakati Serena ndiye aliyekuwa anashinda?" — Msomaji, Kigoma*

Orodha huhesabu pointi za wiki 52, si makombe. Kwa viwango vya sasa bingwa wa Grand Slam hupata 2,000, wa pili 1,300, nusu fainali 780. Anayefika mbali kila wiki anampita anayeshinda makubwa na kutolewa mapema kwingine. Safina majira ya viwanja vya udongo 2009 alichukua Roma na Madrid na kufika fainali ya Roland Garros. Serena huko Roma na Madrid hakushinda mechi. Hesabu ilikuwa sahihi. Uwanjani mambo mengine: Serena alimfunga Safina fainali ya Australia mwaka huo 6-0, 6-3, Venus akamfunga Wimbledon 6-1, 6-0. Mgongo ulimmaliza baadaye. Wengine walioongoza orodha na kubaki bila Grand Slam ya singo ni Jelena Jankovic na Karolina Pliskova.

Na sisi huku?

*"Afrika tuna nani wa kumtaja hapa? Na ushindi wa Angella Okutoyi wa Kenya una maana gani?" — Msomaji, Nairobi*

Amanda Coetzer wa Afrika Kusini, mita 1.58. Mwaka 1997 peke yake alimfunga Graf mara tatu: Australian Open, Berlin kwa 6-0, 6-1, na robo fainali ya Roland Garros. Siri ilikuwa kupiga kila mpira bekihendi ya Graf na kukaa ndani ya uwanja, asimpe nafasi ya kuuzunguka mpira apige kwa fohendi. Nusu fainali ya Roland Garros akapoteza kwa Iva Majoli 7-5 katika seti ya tatu, na Majoli akachukua taji. Coetzer alifika namba 3.

Ons Jabeur wa Tunisia ni mwanamke wa kwanza Mwarabu kufika fainali ya singo ya Grand Slam, na wa kwanza wa Afrika tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe mwaka 1968. Kabla ya hapo Sandra Reynolds wa Afrika Kusini alifika Wimbledon 1960. Jabeur amepoteza tatu: Wimbledon 2022 kwa Elena Rybakina, US Open 2022 kwa Iga Swiatek, Wimbledon 2023 kwa Marketa Vondrousova 6-4, 6-4. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kwake. Alikuwa amewatoa Rybakina na Aryna Sabalenka, Vondrousova hakuwa hata amepangwa. Aliongoza 4-2 seti ya kwanza na 3-1 ya pili. Lakini Vondrousova ni wa mkono wa kushoto na naye anajua mipira ya kudondosha karibu na neti, hivyo ujanja wa Jabeur ulirudi ukiwa na majibu. Kumpiga kwa nguvu tu kungemfaa zaidi, na si tabia yake.

Okutoyi alishinda dabo ya wasichana Wimbledon 2022 na Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kupata taji la Grand Slam la vijana. Kipimo cha subira ni hiki: Jabeur alishinda Roland Garros ya wasichana mwaka 2011, na fainali ya kwanza ya wakubwa aliiona 2022.

Mechi moja ya kutazama

*"Nina kifurushi cha intaneti cha mechi moja tu. Nitazame ipi?" — Msomaji, Zanzibar*

Robo fainali ya Roland Garros 1993, Mary Joe Fernandez na Gabriela Sabatini. Sabatini aliongoza 6-1, 5-1, akapata pointi tano za mechi. Fernandez akashinda 1-6, 7-6, 10-8 baada ya zaidi ya saa tatu na nusu. Kifurushi kikiwa kidogo, anza pale 5-1. Sevu ilijulikana kuwa sehemu dhaifu ya Sabatini, kwa hiyo kila anaposimama kusevu mtazame yeye, mkono wa kushoto unaporusha mpira na kasi ya raketi kwenye sevu ya pili, usifuate mpira. Fernandez alifika fainali, akachukua seti ya kwanza mbele ya Graf, akafungwa 4-6, 6-2, 6-4. Ilikuwa fainali yake ya tatu na ya mwisho ya singo ya Grand Slam.